Mwiba Kooni mwa Meneja

Wateja wa ile bucha walikuwa na adabu, na adabu yao ilikuwa na sababu. Mwanamke aliyesimama nyuma ya gogo la kukatia nyama aliwahi kumtoa mtu meno mawili kwa mfupa wa paja, halafu akausuuza ule mfupa, akaupima na kuuza. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa Shoka, basi.

Usimwonee huruma mapema. Shoka hakuwa mtu mwema aliyesingiziwa. Alipenda kupiga. Kuna watu wakikasirika wanalia, kuna wanaonuna, kuna wanaokwenda kulala. Yeye mkono ulikuwa unafika kabla hata ya hasira. Alimpiga mteja aliyemshika kiuno. Alimpiga jirani aliyesema ameanua nguo isiyo yake. Alimpiga mume mpaka mume akahamia kwa mwanamke mwingine, na siku aliporudi kuchukua redio yake akampiga tena, redio ikabaki.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumgusa: binti yake wa miaka tisa, ambaye mtaa mzima ulimwita Sisimizi kwa sababu hakuweza kupita kwenye kitu kidogo bila kukiokota. Mbegu, vifungo, konokono. Nyumba yao ya chumba kimoja na sebule ilijaa makopo ya vitu alivyookota. Shoka hakutupa hata kimoja.

Halafu akaja dalali. Alikuwa anawaonyesha wapangaji wapya ile nyumba kama vile ni tupu, wakati wao bado wamo. Alifungua mlango bila hodi, Sisimizi yuko ndani ya beseni anaoga. Shoka alitoka jikoni. Alimburuta dalali mpaka kwenye ngazi, akaulaza mkono wake juu ya chuma cha kushikilia, akauegemea. Ndivyo anavyovunja goti la ng'ombe: hutumii nguvu, unatumia uzito. Mlio wa mfupa wa dalali ulifika ghorofa ya juu. Mtu wa juu alidhani mbao imeanguka.

Dalali hakwenda polisi, maana na yeye alikuwa na mambo ambayo polisi wangependa kuyasikia. Lakini Sisimizi alikuwa amesimama mlangoni na taulo lake, na alisikia.

Kuanzia siku hiyo, kila Shoka alipoinua mkono kuchukua chanuo kwenye rafu, mtoto aliziba masikio. Macho hakuyaziba, masikio tu. Alikuwa anasubiri ule mlio.

Wifi yake alikuja mwisho wa wiki. Huyu alikuwa dada wa yule mume mwenye redio, mwalimu wa chekechea, mwanamke mpana mwenye sauti ya kubembelezea watoto walale. Ndugu yake alipoondoka yeye hakuondoka. Alibaki kuwa shangazi wa mtoto, na ushangazi wake aliufanya kama kazi.

"Wifi, mimi sina ugomvi na wewe," alisema.

"Ukiwa nao utajua."

"Ndiyo hayohayo ninayosema mimi. Mtoto anaziba masikio ndani ya nyumba yao. Atakaa kwangu mpaka mikono yako ipoe. Kila Jumapili nitamleta akuone. Siku nitakayoamini umeacha, nitamleta na begi lake."

"Nani kakupa uhakimu?"

"Hakuna. Hii nyumba imekuwa nyumba ya kambare, mkubwa ana sharubu, mdogo ana sharubu, hakuna wa kumwambia mwenzake acha. Sasa nimekwambia mimi."

Shoka alitupa jicho kwenye tangi la kioo lililokuwa juu ya kabati. "Kambare wangu hawajamvunja mtu mkono," alisema. Lakini hakumzuia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshakunja ngumi chini ya kanga, na mtoto alikuwa anauangalia.

Mlangoni Sisimizi aligeuka. "Mama, kambare wangu usiwaue."

Basi. Hilo tu ndilo aliloachiwa.

Wale kambare walitoka kwa kinyozi wa jirani aliyekuwa anahama. Walikuwa saba. Ukisikia kambare usifikirie lile dubwana la matopeni. Hawa walikuwa urefu wa kidole cha kati, ubavuni wamepangika vibati kama paa la mabati, mdomoni sharubu fupi, na macho ambayo mara mojamoja yaligeuka chini haraka, ungedhani wanakukonyeza. Walitembea chini kwa kundi kama wanafunzi wanaotoroka, wakichimbua mchanga. Ghafla mmoja alifyatuka mpaka juu, akabugia hewa, akarudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisimizi aliwapa wote majina. Shoka alijua moja tu, Karani, mwenye sharubu moja iliyopinda, aliyefukua mchanga kutwa kama mtu anayetafuta karatasi zilizopotea ofisini.

Kinyozi alikuwa amewapa masharti matatu. Mchanga uwe laini, wa makali unawakata sharubu. Wasitenganishwe, maana mmoja akibaki peke yake anajibanza pembeni mpaka anakufa. Na wasivuliwe kwa wavu, wachotwe kwa kikombe.

Sharti la tatu Shoka alilidharau, kama kawaida yake. Wiki ya kwanza bila mtoto alitaka kusafisha tangi, akachukua wavu wa chujio la chai, akamkumba Karani. Karani alitanua mapezi. Kumbe kila pezi lina mwiba mbele, na ule mwiba ukisimama unajifunga kwenye kiungo chake kama komeo. Huwezi kuulaza kwa nguvu, utavunja mfupa kwanza. Karani alinasa kwenye nyuzi. Shoka alipomshika ili amnasue, mwiba ukamwingia kiganjani, na mkono mzima ukawaka moto mpaka kwenye kwapa. Mwanamke aliyekatwa na visu vya kila aina alikaa chini akatukana hadi akamaliza matusi anayoyajua. Mwishowe alikata wavu wenyewe kwa mkasi, uzi kwa uzi, huku amemzamisha Karani kwenye bakuli.

"We mdogo," alimwambia, "una roho mbaya kama mimi."

Akaanza kuwaheshimu. Aligundua pia kwamba akibamiza mlango, wote saba wanaruka na kujigonga kwenye kioo. Basi mlango akawa anaufunga kwa mikono miwili. Sufuria akawa anaiweka, haitupi. Hakuwa amegeuka malaika. Hasira yote aliibeba asubuhi akaipeleka bucha, na huko mifupa ilijuta kuzaliwa. Vipande viliruka mpaka barabarani.

Watu wakaona. Mpima nyama, kijeba mmoja aliyeitwa Mizani, mdomo wake haukuwa na komeo.

"Shoka, jana yule mama kakwambia nyama yako ina nywele, na hujamfanya kitu. Umeokoka?"

"Pima nyama."

"Au una mimba?"

Shoka alipiga shoka kwenye gogo, sentimita chache kutoka kwenye kidole cha Mizani. Kisha akalichomoa, akaendelea na kazi.

"Haya, haya," Mizani alisema akijihesabu vidole. "Hujaokoka. Nilikuwa nauliza tu."

Jumapili zikawa zinapita. Wifi anakuja na mtoto, mtoto anakwenda moja kwa moja kwenye kioo na kuhesabu samaki kwa kidole, anafika saba, anageuka kumwangalia mama yake. Jumapili ya nne, Shoka aliinua mkono kuchukua chanuo. Sisimizi alipandisha mikono yake mpaka kwenye mashavu, akaishusha. Hakuziba. Shoka alimchana nywele polepole, kama anachana moshi. Wifi aliona. Siku hiyo alikunywa chai mpaka vikombe viwili.

Jumatatu yake ndipo kaka akaja.

Kaka mkubwa wa Shoka alikuwa baunsa wa baa, na Baunsa ndilo lililokuwa jina. Kichwa kimekaa mabegani bila kupitia shingoni. Baa yake ilikuwa imefungwa baada ya ugomvi mmoja ambao viti vilipita madirishani na tangi kubwa la samaki la pale ukutani likapasuliwa kwa chupa. Samaki wote walifia sakafuni isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyekuja naye kwenye ndoo, pamoja na begi la nguo.

"Mdogo wangu, ni wiki moja tu," alisema akiwa ameshaingia. "Huyu anaitwa Meneja."

Shoka alichungulia kwenye ndoo. Samaki mweusi mwenye madoa ya rangi ya machungwa, upana wa sahani, mdomo kama mkoba wa bibi harusi. Alimtazama Shoka kwa jicho moja, bila haraka.

"Ataingia wapi?"

"Si una tangi?"

"Mle mna kambare wa mtoto, kaka."

"Wale? Wale ni punje. Meneja hawaoni hata."

Shoka wa zamani angeshamwagia ile ndoo kichwani. Huyu wa sasa alifanya hesabu yake. Akimfukuza kaka, kaka hatoki kwa maneno, hajawahi. Watashikana, na ngazi ileile, majirani walewale, na kabla ya jioni wifi atakuwa amepata habari. Begi la mtoto litabaki chini ya kitanda kwa shangazi. Basi akamwachia Meneja aingie tangini.

Halafu akafanya kosa ambalo mtu wa bucha peke yake ndiye anaweza kulifanya. Nyuma ya bucha yao kulikuwa na mbwa. Mbwa yule alikula mabaki tangu akiwa mtoto, alinona kama godoro, na alilala chini ya minofu inayoning'inia bila hata kuinua pua. Watu wa bucha wana msemo wao: mbwa aliyeshiba halindwi. Shoka akasema moyoni, samaki naye ni mnyama. Nikimshibisha Meneja, hatamgusa mtu.

Kila asubuhi akawa anamletea Meneja moyo wa ng'ombe, ameukwangua kwa kisu mpaka ukawa nyuzinyuzi laini. Meneja alikula. Alinenepa, akawa anang'aa. Kambare walijifungia nyuma ya kigae kilichovunjika kwenye kona na kutoka usiku. Maji yakaanza kunuka damu, wakawa wanapanda kubugia hewa kila mara, mmoja baada ya mwingine, kasi kama wezi. Shoka alibadilisha maji kila jioni baada ya kazi, ndoo kwa ndoo, na kila jioni alihesabu. Saba. Akajisifu.

Hakujua kwamba mbwa anakula kwa njaa, ila yule samaki alikula kwa mdomo. Chochote kinachotosha mdomoni kinaingia.

Na wiki moja ya Baunsa ikawa wiki kama za watu wengine wa aina yake, haina Jumamosi. Alilala sebuleni, akavuta sigara dirishani, akapiga ukuta ngumi timu yake ilipofungwa. Jioni moja Shoka alizima televisheni ili alale. Baunsa alimpiga kofi la mgongo wa mkono, pete ikamchana mdomo.

Shoka alikaa kwenye stuli. Akaweka viganja viwili chini ya mapaja yake, akavikalia. Damu ilimdondokea kwenye gauni. Mikono ilipapatika kule chini kama kuku aliyefungwa miguu, na yeye akaikalia mpaka ikafa ganzi.

Baunsa alisubiri. Alimjua dada yake tangu utotoni. Walikuwa wamepigana kwa mawe na kwa miko, na kovu la jicho lake la kushoto lilikuwa la Shoka. Aliposubiri na kitu kisije, akacheka.

"Kumbe umeisha," alisema.

Hapo ndipo aliharibika kabisa. Mtu akishajua hujibu, hata njia ya kupita anakupiga kikumbo. Kila siku kidogo: kiwiko, teke la kiti, chai ya moto iliyomwagwa "kwa bahati mbaya". Kule bucha, Mizani aliona mdomo uliovimba, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Nani?"

"Mlango."

"Huo mlango una pete?" aliuliza Mizani. Siku hiyo Shoka alipasua gogo.

Jumapili ikafika, na hii haikuwa kama zile mbili zilizotangulia, ambazo Baunsa alishinda nje na mtoto akahesabu saba wake. Wifi alikuwa amepiga simu jana yake. "Kesho nitakuja kuzungumza na wewe kuhusu lile begi," alisema. Neno moja zaidi hakuongeza, na Shoka hakuuliza, aliogopa kuliharibu lile jambo. Alifua mapazia. Alimlisha Meneja moyo mara mbili, kwa uhakika. Alijipaka poda mdomoni. Kwa kaka alitumia sauti ambayo hakujua kama anayo.

"Kaka, leo nakuomba. Kwa saa mbili tu. Kaa nje na wenzako."

"Nitalala," Baunsa alisema. Akaingia chumbani kwa Shoka, akavua viatu akaviweka karibu na mto, akalala kitandani kwake.

Wifi alikuja na Sisimizi mchana, jua kali. Mtoto alivua viatu, akaenda kwenye kioo. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Moja, mbili. Karani alitoka nyuma ya kigae, labda kwa sababu alimjua yule mtoto na kile kidole, labda kwa sababu hewa ilimwishia. Alifyatuka kwenda juu kama desturi.

Meneja aligeuka mara moja tu. Mdomo ulifunguka, maji yakaingia, Karani akaingia nayo.

"Mama!"

Halafu Karani akafanya kitu pekee anachokijua. Alitanua miiba. Mkia wake ulikuwa bado uko nje, na miiba ikafunga komeo kule ndani, mmoja shavu hili, mmoja shavu lile, mmoja juu kaakaani. Meneja alijaribu kumeza, akashindwa. Alijaribu kutema, akashindwa. Akawa kichaa. Alijipiga kwenye kioo kwa ubavu, bomba la pampu likang'oka, damu ikaanza kumtoka kwenye mashavu kama moshi mwekundu. Kambare wengine walijirusha huku na huku. Kila pigo lilitikisa kabati na vikombe vya chai vya wifi.

Baunsa alitoka chumbani kifua wazi, miguu mitupu. "Nani kamgusa Meneja?"

Aliona. Alikwenda kwenye droo ya jikoni, akarudi na koleo la kuvutia misumari.

"Nitamng'oa huyo mdudu vipandevipande."

"Ukimvuta unawaua wote wawili," Shoka alisema. "Miiba imejifunga."

"Toka mbele yangu."

Shoka hakutoka. Aliingiza mikono miwili kwenye maji mpaka mabegani, akamkumbatia Meneja kama mtoto mchanga, akamtoa akipapatika na kumlaza juu ya kibao cha jikoni. Kisu kilikuwa palepale. Hakufikiri, mikono ilikuwa na miaka yake ya kazi. Pigo moja nyuma ya kichwa, Meneja akanyamaza. Kisha akaanza kufungua shavu, polepole, akitafuta kiungo kwa ncha ya kisu.

Ngumi ya kwanza ilimpata kisogoni.

Hakugeuka. Aliukata mfupa wa shavu, mwiba wa kwanza ukawa huru. Ngumi ya pili ikampata sikioni, masikio yakaimba. Alisikia kwa mbali mtoto akilia na wifi akisema, "Baba, tafadhali, baba, mbele ya mtoto," kwa ile sauti ya chekechea. Mwiba wa pili. Ngumi ya tatu ilikuwa ya mgongoni na ikamtoa pumzi. Alilalia kibao ili kisu kisiteleze. Mwiba wa tatu ulitoka na kipande cha nyama ya Meneja, na Karani akaanguka kiganjani mwake, pezi moja limechanika, anahema. Shoka alimtumbukiza kwenye sufuria ya maji.

Baunsa alipoona kinachotokea pale kibaoni aliacha kupiga. Alinyanyua stuli, ileile ambayo dada yake alikalia mikono, akaipiga kwenye tangi.

Kioo kilipasuka chote kwa pamoja. Maji yalimwagika kama mtu amefungua mlango wa mto, mchanga, kigae, pampu, vyote sakafuni. Kambare sita walikuwa wanarukaruka kwenye vigae vya sakafu, katikati ya vipande vya kioo.

Sisimizi hakukimbia. Alipiga magoti kwenye vioo vilevile na kuanza kuokota. Si ndiyo kazi yake? Alimwokota wa kwanza, wa pili, kwa viganja viwili kama kikombe.

"Punje hizi!" Baunsa alipiga kelele. Aliinua mguu mtupu, akamkanyaga mmoja. Samaki alipasuka chini ya unyayo, lakini kabla hajapasuka alitanua mwiba wake. Mdharau mwiba mguu huota tende. Huyu hata tende hakuisubiri. Alilia sauti ambayo baa nzima isingeamini ni yake. Na mtu wa namna ile maumivu hayamrudishi nyuma. Aliinua mguu mwingine. Chini yake safari hii kulikuwa na mkono wa Sisimizi, umemfunika samaki, na mtoto hakuuondoa.

Shoka alikuwa na kisu mkononi.

Aliona goti la kaka yake. Alijua pa kuingilia, pale penye mshipa mnene nyuma, pigo moja na mtu mzima anaanguka kama pazia. Alijua. Mkono ulishaanza safari. Alikipiga kile kisu kwenye kibao mpaka kikasimama chenyewe, akaruka mikono mitupu ili amvute kaka yake nyuma.

Hakuwahi. Wifi aliwahi.

Mwalimu wa chekechea, mwanamke ambaye hajawahi kuua hata mbu bila kuomba radhi, alizungusha ngumi kutoka chini kabisa kwenye nyonga, akampiga Baunsa kwenye taya. Na mwili wake wote ulikwenda na ile ngumi. Baunsa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mguu wenyewe una mwiba, sakafu imelowa. Alikwenda chini kama gunia la saruji. Bega lilitangulia, likalia *kwaa*, na vioo vikamwingia mgongoni.

Mlio uleule mbaya. Sisimizi aliusikia. Mikono yake ilikuwa imejaa samaki, hakuwa na ya kuziba masikio. Aliinama, akamweka wa tano kwenye sufuria.

Pampu ilikuwa bado inanguruma sakafuni, inavuta hewa tupu. Shoka aliichomoa kwenye umeme.

Wifi alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, machozi yanamtiririka.

"Sikujua inauma hivi," alisema.

"Onyesha." Shoka alimfungua vidole kimoja kimoja. Gumba lilikuwa limeshavimba kama kitunguu. "Ulificha gumba ndani ya ngumi, wifi. Gumba linakaa nje."

"Nani angenifundisha?"

"Hakuna. Usijifunze."

Baunsa alijikokota mpaka ukutani. Bega lilikuwa limeshuka, uso una rangi ya majivu, na sasa alikuwa anaonekana kama ndugu wa mtu. Shoka alichuchumaa, akamchomoa mwiba unyayoni kwa koleo lake mwenyewe. Akamfunga mkono kwa kanga shingoni, mafundo mawili. Kisha akaingia chumbani, akatoka na begi lake, akaliweka nje ya mlango.

"Zahanati iko kona ya pili," alisema. "Bega wanarudisha. Hapa hurudi, kaka. Ukirudi nitakata, na safari hii sitakaa kwenye stuli."

"Umeniulia samaki wangu."

"Nimemuua, ndiyo. Nikukatie vipande au unambeba mzima?"

Baunsa alimtazama kuona kama ni dhihaka. Haikuwa dhihaka, lilikuwa swali la kazi, aliuliza hivyo kila siku. "Mzima," alisema. Shoka alimtia Meneja kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akamtundikia kaka yake kwenye mkono mzima. Alishuka ngazi akichechemea, mfuko unadondosha.

Wifi alikaa kwenye kochi lililolowa, gumba amelitumbukiza kwenye glasi ya maji baridi. Alikuwa na hotuba aliyoiandaa tangu jana kuhusu begi na mikono na kupoa. Hotuba haikutoka. Ungetegemea aseme nini, na taya la mtu bado liko kwenye ngumi yake?

"Mtoto ana damu magotini," alisema mwishowe.

"Naona."

Shoka alimpandisha Sisimizi juu ya meza, akaanza kumtoa vioo kwa kibano cha nyusi. Mtoto hakulia. Alikuwa anachungulia kwenye sufuria iliyokuwa kando yake. Akahesabu kwa kidole. Akafika sita, akarudia, akafika sita tena.

"Wa saba yule aliyekanyagwa," alisema.

"Huyo."

"Na Karani?"

"Angalia mwenyewe."

Karani alikuwa chini kabisa, pezi limechanika kama bendera ya zamani. Wenzake watano walikuwa wamemzunguka, bega kwa bega, kwenye aluminiamu tupu isiyo na mchanga wa kufukua. Alitulia. Kisha akafyatuka mpaka juu, akabugia hewa, akarudi.

Wifi alivuta kamasi. "Begi lake nilete lini?"

"Leo," alisema Sisimizi kabla ya mtu mzima yeyote.

"Kesho," alisema Shoka. "Leo kuna vioo. Na njoo na mchanga, wifi, ule laini wa kule chekechea kwenu wanaochezea watoto. Uoshe kwanza."

Aliinua mkono kuchukua chanuo kwenye rafu. Lilikuwa limelowa. Alilifuta kwenye gauni, na mtoto akamgeuzia kichwa, jicho bado liko kwenye sufuria.